Mke wangu amegundulika na dimenshia: je, tumpeleke kwenye vipimo zaidi vya kumbukumbu?

Mzee wa Korogwe

Ndugu zangu, salaam. Mke wangu ana umri wa miaka 67, alisoma hadi darasa la nne, na maisha yake yote amekuwa fundi cherehani wa nguo za kike. Mwaka jana wateja walianza kurudisha kazi. Gauni moja lilikuwa na mikono yote miwili ya upande wa kulia, na alipoonyeshwa aliligeuza huku na huku asione kasoro iko wapi. Hospitalini alipimwa kwa MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na kufikiri, akapata alama 13 kati ya 30, akapigwa picha ya CT ya kichwa, nasi tukaambiwa kwamba ana dimenshia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, yumkini ya aina ya Alzheimer.

Sasa daktari anapendekeza twende Dar es Salaam kwa mtaalamu wa saikolojia, ambaye atampima kwa saa kadhaa kumbukumbu, lugha, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Binti yetu anataka twende. Kaka yake anasema ugonjwa umeshajulikana, na fedha hizo afadhali zimlipe msaidizi wa nyumbani. Mwenyewe anasema amechoka kuulizwa tarehe kama mtoto wa shule. Naomba ushauri wa waliopitia.

Tabibu wa Hai

Shikamoo Mzee, na pole sana. Hiyo alama 13 isikutishe peke yake. MoCA inamtaka mtu achore saa na mchemraba na aunganishe tarakimu na herufi kwa zamu, mambo ambayo aliyeishia darasa la nne huenda hakuwahi kuyafanya hata akiwa na akili timamu kabisa. Ile alama moja anayoongezewa mtu mwenye miaka 12 ya shule au pungufu haifidii pengo hilo. Simaanishi kwamba daktari amekosea. Kwangu mimi ile mikono ya gauni ina uzito kuliko alama, kwa kuwa dimenshia hupimwa kwa kumlinganisha mgonjwa na alivyokuwa yeye mwenyewe, na ushonaji ndio ujuzi aliokuwa nao.

Huku Hai, Kilimanjaro, ulifanyika utafiti uliozaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kwa ajili ya wazee wasiosoma sana. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Muulize daktari kama anakifahamu. Kabla ya nauli ya Dar, hakikisha pia amepimwa damu kwa ajili ya vitamini B12, tezi ya thairoidi, kaswende na VVU, amechunguzwa sonona na masikio, na dawa zake zote zimepitiwa. Amitriptilini ya usingizi, au klofeniramini ya mafua ikitumiwa mfululizo, inaweza kumvuruga mzee kumbukumbu.

Mama Sania

Baba, kwetu vipimo hivyo virefu vilisaidia, lakini hali ya mume wangu ilikuwa tofauti. Alikuwa akiona watoto chumbani ambao hawapo, leo ana fahamu nzuri kesho hajielewi, na usiku alirusha mateke akiwa usingizini. Hospitali moja ilimwanzishia haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, akakakamaa mwili mzima. Uchunguzi wa kina ndio uliotuelekeza kwenye aina nyingine, dimenshia ya Lewy, ambayo wagonjwa wake huweza kudhurika vibaya na dawa za namna hiyo. Ikiwa mama ana dalili kama hizo, au amebadilika tabia ghafla, nenda. Kama ni kusahau kunakoongezeka polepole tu, muulize daktari waziwazi: majibu ya Dar yatabadilisha dawa gani au uamuzi gani?

Mwanasheria Mstaafu

Naona mnasahau mali. Ikiwa kuna kiwanja au akaunti kwa jina lake, wosia uandikwe sasa, wakati bado anaelewa anachotia saini. Maelezo ya daktari kuhusu uelewa wake siku hiyo yanafaa sana mahakamani, na hayahitaji kusubiri Dar. Mtu anaweza kushindwa kutaja tarehe na bado akajua vizuri nani amrithi.

Mzee wa Korogwe

Marahaba Tabibu, na ahsanteni nyote. Nimemuuliza daktari swali la Mama Sania, naye amejibu kwamba kwa sasa dawa ingebaki ileile ya kumbukumbu, donepezili. Faida ingekuwa kujua ni kazi zipi bado zinamfaa. Haoni vitu visivyokuwepo. Damu hakupimwa, na redio huifungulia sauti ya juu kweli. Tutaanza na damu na masikio, kiwanja tutakishughulikia mwezi huu, na Dar itasubiri. Tabibu, je, akirudiwa kipimo cha kumbukumbu, iwe baada ya muda gani?

Tabibu wa Hai

Si chini ya miezi sita, isipokuwa abadilike ghafla, maana akirudiwa mapema hukumbuka baadhi ya maswali na alama hupanda bure. Mpeleke asubuhi akiwa amekula na amevaa miwani yake, na uombe apimwe kwa lugha anayoitumia nyumbani. Kama ni Kisambaa, mtu wa kutafsiri asiwe binti yake, kwa sababu watoto huwasaidia wazazi majibu.