Re: "Deposit" ya nyumba England: ipi ni ipi?

Wanajumuiya, salaam.

Dalali akikuandikia neno "deposit", usitume hela kwanza. Muulize: "holding" au "tenancy"? Ni pesa mbili tofauti, na madalali huzitaja zote kwa neno hilo hilo moja.

"Holding deposit" ni arubuni ya kushikilia nyumba wakati wanakukagua. Haitakiwi kuzidi kodi ya wiki moja. Kwa kawaida mna siku 15 za kukamilisha mkataba. Mwenye nyumba akighairi, anakurudishia ndani ya siku 7. Ukighairi wewe, au ukidanganya kuhusu kipato, sahau.

"Tenancy deposit" ni dhamana ya uharibifu na kodi isiyolipwa. Kikomo ni kodi ya wiki 5, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Watu wanapigwa kwenye hesabu: wiki haipatikani kwa kugawa mwezi kwa 4. Zidisha kodi ya mwezi kwa 12, kisha gawa kwa 52. Kodi ikiwa pauni 1,300, wiki ni 300 na dhamana ni 1,500. Anayegawa kwa 4 atakudai 1,625, na hiyo 125 ya juu hairuhusiwi.

---



Ahsante kaka. Naongezea kwenye dhamana, maana ugomvi uko huko. Mwenye nyumba ana siku 30 tangu aipokee kuisajili kwenye mojawapo ya mifuko mitatu ya kulinda dhamana: DPS, MyDeposits au TDS, na kukupa maelezo yake kwa maandishi. Usingoje akuambie, ingia kwenye tovuti zao uangalie mwenyewe. Asiposajili, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara 1 na mara 3 ya dhamana.

Siku ya kuingia piga picha kila kona, hata ndani ya oveni, uzitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Zulia lililochakaa kwa kukanyagwa si deni lako. Alama ya pasi juu ya zulia ni yako, ila hata hapo hulipi bei ya zulia jipya kama la zamani lina miaka 8.

---

Dada, na ile deposit ya 10% wanayotaja benki?

---

Hiyo ni ya kununua nyumba: kianzio chako, kinachobaki ni mkopo. Mpangaji haimhusu.