Klopp au Slot: nani aliwafaa zaidi washambuliaji wa Liverpool?

MzeeWaMagomeni: Wakuu, nimekaa na takwimu za misimu miwili nikashangaa. 2023/24, msimu wa mwisho wa kocha Klopp: ligini tulifunga mabao 86, tukafungwa 41. 2024/25, wa kwanza wa Slot aliyempokea: 86 na 41 vilevile! Ila mmoja ulitupa nafasi ya tatu, mwingine ubingwa. Sasa tuwaangalie wachezaji wenyewe. Nani alinawiri kocha alipobadilika, nani alinyauka?

Bi Rehema: Salah, hakuna mjadala. Ligini alitoka mabao 18 na asisti (pasi za bao) 10, akafika 29 na 18. Na msimu uleule alisema mwenyewe kwamba alimwambia Slot ampunguzie kazi ya kukaba, naye atalipa mbele. Kwa Klopp mpira ukipotea wote wanaufukuzia, nyota na asiye nyota. Mtu wa miaka 32 umrudishe hadi kwenye boksi letu, halafu umdai mabao? Slot alimsikiliza mchezaji wake, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

KiraKaNyuma: Díaz pia. Tulimzoea winga wa kushoto, Slot akamweka katikati. Leverkusen ya Ujerumani walikuja Anfield, uwanjani kwetu, Novemba 2024 wakala 4-0, matatu yake.

Nyamagana: Mimi namlilia Núñez. Mabao 11 ya ligi kwa Klopp, 5 kwa Slot. Yule ni mtu wa kutupiwa mpira nyuma ya mabeki akimbie, mechi ikiwa na vurugu ndiyo raha yake. Slot alitaka mpira utulie kwanza, namba tisa (mshambuliaji wa kati) ashuke apokee, aachie, aingie tena. Benchi likamzoea, mwisho akaenda Al Hilal ya Saudia. Sikubali kwamba alikuwa mbovu. Alinyimwa mchezo wake.

MzeeWaMagomeni: Nyamagana, hapo nakuunga mkono. Lakini kwa Klopp nafasi za wazi alizipoteza nyingi, tusifiche.

Bi Rehema: Na jamani, msiishie mbele tu. Kiungo Gravenberch kwa Klopp alianza mechi 12 za ligi. Slot akamfanya namba sita, kiungo wa mbele ya mabeki, akaanza 37. Akipokea anageuka nao, Salah anaupata beki bado hajajipanga. Kwangu mimi, mabao ya Salah yalianzia miguuni pale.

Nyamagana: Hilo la Gravenberch nakubali, Bi Rehema. La Núñez bado linaniuma.