Nataka kuzunguka nchi 3 na begi mgongoni, naomba ushauri

Mgumu wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa Moshi, miaka 27, kazi yangu ni mlimani, nabeba mizigo ya wageni. Mwaka wa 6 sasa nawaona wanakuja na begi moja tu, wiki iliyopita walikuwa Uganda, wiki ijayo wako Zanzibar. Mimi nchi ya nje niliyofika ni Taveta, siku ya soko, na mchana nilikuwa nimesharudi.

Safari hii nimeamua. Nairobi, Kampala, Kigali, narudi kwa Rusumo. Wiki 3. Pasipoti ninayo. Begi ninalo, mgeni mmoja aliniachia la lita 60. Zipu ilikuwa imekufa, fundi wa Mbuyuni kanishonea vifungo vya koti. Bajeti ipo. Naomba uzoefu wa malazi ya bei nafuu, na je, Uganda niingilie Busia au Malaba? Nawasilisha.

Mama Lishe wa Stendi
Mwanangu, mama yako anajua?

Kahawa Chungu
Umechanja homa ya manjano? Bila ile kadi utasumbuliwa mpakani, na chanjo inataka siku 10 kabla ya kuvuka. Ukishachanja ni ya maisha, habari ya kurudia kila miaka 10 ilifutwa 2016. Kigali saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 1, na magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara anza kutazama kushoto. Hiyo bajeti "ipo" ni shilingi ngapi?

Dreva Mstaafu
Vijana mnahangaika na Kampala wakati kusini kuna nchi. Kuna mwaka nilishusha mzigo Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Akaja kijana mmoja na bunda la kwacha, noti za elfu 50, bei anayonipa tamu mpaka nikamwonea huruma. Nikachukua zote haraka kabla hajashtuka. Nikaenda kununua kuku, mama wa pale akaigeuza noti, akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Zambia walishakata sifuri 3 tangu Januari 2013, mimi nimenunua makaratasi. Bunda ninalo mpaka leo, wajukuu wanachezea.

Mgumu wa Pasua
Pole mzee wangu. Chanjo nilichanja mwezi uliopita. Bajeti inatosha. Busia au Malaba?

Kahawa Chungu
Nimeuliza kiasi. Na mpagazi mwenye hela ya kutembea wiki 3 kaitoa wapi?

Mgumu wa Pasua
Milioni 2 na laki 1. Ni ya kikoba, mimi ndiye mweka hazina. Kabla hamjanirukia: pale kila mtu anakopa. Mama mmoja kakopa laki 8 ya sherehe ya kipaimara, hakuna aliyemwita mwizi. Nitairudisha kabla hatujavunja Desemba.

Mwalimu wa Zamu
Huyo mama kaandikwa kwenye daftari. Wewe umeandikwa?

Mgumu wa Pasua
Nitaandika nikirudi.

Shemeji Mkorofi
Mweka hazina kageuka mbeba hazina 😂

Mama Lishe wa Stendi
Mimi hela yangu ya kikoba ilikwenda na mtu hivyo hivyo, naye alisema anarudi. Mwaka wa 4 huu.

Mzee wa Data
Wazee, hii ni chai, leteni vitumbua. Agosti mlima umejaa wageni, mpagazi gani anaondoka wakati huu? Halafu sanduku la kikoba lina kufuli 3 na funguo wanakaa nazo watu 3 tofauti. Wewe umelifungua na nani? Na getini mnapimwa kilo ngapi?

Shemeji Mkorofi
Nilishaanza kumhurumia. Yangu weka tangawizi.

Mgumu wa Pasua
Kilo 20, juu yake kibegi changu mwenyewe. Juni nilikuwa nashuka Mweka na mtungi wa gesi kichwani, mvua, nikateleza, goti likavimba kama papai. Kiongozi kanitoa kwenye orodha mpaka lipone. Kushuka mlima linakataa, kukaa kwenye basi halikatai. Sanduku tuliliacha mwaka jana. Hela zinakaa kwenye laini ya simu yenye jina langu, namba ya siri naijua mimi.

Mzee wa Data
Dah. Basi bora ingekuwa chai.

Mwalimu wa Zamu
Kijana, irudishe leo. Hujaanza hata safari.

Mgumu wa Pasua
Basi la Nairobi nimeshalipia, Alhamisi asubuhi. Nauli hairudishwi.

Kahawa Chungu
Kikao cha kikoba ni lini?

Mgumu wa Pasua
Jumapili.

Dreva Mstaafu
Malaba malori ni mengi. Pita Busia.