Tupeane uzoefu: likizo ya melini, treni, basi. Mlikulaje mkarudi salama?

Mama Area C
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kifuani tangu nirudi. Leo nimemwona jirani anafunga mabegi ya safari, nikasema hapana, ngoja niliandike.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa hapa Dodoma mjini. Kisukari ninacho mwaka wa tisa, natumia vidonge, sijafika kwenye sindano. Nyumbani najimudu. Asubuhi kabla sijala kipimo kinasoma sita na pointi, kikizidi sana saba. Binti yangu anafanya kazi Uingereza, akajinyima mwaka mzima akanilipia likizo ya meli ya kitalii. Siku saba. Mnapandia Barcelona, meli inatembea usiku, mkiamka mko mji mwingine: Marseille, Genoa, Civitavecchia ambako watu hushuka kwenda Roma, Palermo, kisha mnarudi mlikotoka. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona kabla ya hapo ni ya bwawa la Mtera.

Sasa chakula. Kimo ndani ya nauli. Ghorofa ya juu kuna ukumbi wa bafe, unafunguliwa alfajiri, na hata usiku ukienda bado kuna kitu. Mikate ya kila namna, soseji, jibini, keki, na pembeni ya bwawa la kuogelea kuna mashine ya aiskrimu unajikamulia mwenyewe. Hakuna anayekuuliza umekuja mara ya ngapi. Na mimi nimelelewa na bibi kule Mpwapwa, aliyezaliwa mara tu baada ya njaa ya Mtunya, ile iliyoua watu wengi Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa bibi, sahani inarudi jikoni nyeupe. Basi najaza, na nikishajaza siwezi kubakiza. Siyo uroho jamani. Mkono ulikuwa unakataa kumwaga chakula.

Usiku wa siku ya nne naamka kwenda haja ndogo mara tano, mdomo mkavu kama nimelamba majivu. Binti akapima: 17.4. Akageukia dirishani kufuta machozi. Hilo liliniuma kuliko ile namba.

Kuanzia hapo tukaweka utaratibu. Nazunguka bafe nzima mikono mitupu kwanza, naangalia kilichopo, ndipo nachukua sahani ndogo. Nusu yake mboga, robo samaki wa kuchoma, wanga kiasi cha ngumi yangu. Maji badala ya juisi. Asubuhi tunatembea sitaha nzima mara tatu, na lifti tukaisahau. Nimefika Dodoma nikiwa na 9. Lakini siku nne zile zimenitisha.

Nyie wenzangu mlikulaje? Melini, kwenye treni, popote.

Mjukuu wa Mvumi
Shikamoo mama. Hapo kwa bibi na sahani nyeupe umeniambia mimi kabisa.

Kaka wa Kondoa
Mama, likizo kama hiyo ni mara moja maishani. Ungekula tu, ukirudi ndiyo unafunga.

Binti Singida
Ushauri gani huo kaka? Mtu ana kisukari unamwambia ajishindilie halafu ashinde njaa?

Kaka wa Kondoa
Samahani mama, nimesoma haraka, hapo pa kisukari nilipita. Ila kwa mtu asiye na tatizo bado nasimamia neno langu.

Mpishi wa Bandari
Mama shikamoo. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli za aina hiyo miaka sita kabla sijahamia Dodoma, kwa hiyo nisemee upande wetu. Abiria wengi hawajui kwamba mahitaji ya chakula yanaandikwa kabla ya safari, wakati wa kukata tiketi. Ukiandika kisukari, presha, au kwamba karanga zinakudhuru, jikoni tunaipata. Pili, mbali na bafe kuna ule ukumbi wa kukaa mezani na kuhudumiwa. Kuleni huko. Chakula kinakuja sahani moja, kimepimwa, na ukiomba sosi iwekwe pembeni au viazi vibadilishwe kwa mboga, mhudumu habishi. Bafe ndiyo inayowaangusha watu, kwa sababu macho yanakula kabla ya tumbo.

Chumvi nayo. Supu, soseji, jibini, nyama zilizokaushwa, zote zina chumvi nyingi. Nimewaona wazee wenye presha miguu imevimba siku ya tatu wakidhani ni kutembea.

Na mikono osheni kwa maji na sabuni kabla ya kugusa vijiko vya bafe. Ile dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni haitoshi. Kirusi kinachoitwa norovirus, kinachowaharisha na kuwatapisha watu melini, hakifi vizuri kwa dawa ya spiriti.

Mama Area C
Marahaba mwanangu. Ningejua hilo la kuandika mapema! Tulijaza fomu binti akaacha pale pa chakula wazi.

Mama wa Manyoni
Mwalimu, mimi sijapanda meli. Lakini hiyo ya kipimo imenirudisha kwenye treni, na sijawahi kuisimulia mahali.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla treni ya umeme haijafika Dodoma. Mume wangu anatumia insulini, ile ya kuchanganya, unajidunga nusu saa kabla ya kula. Tunakwenda Kigoma kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, tumepandia Dodoma. Nilitaka kufunga chakula, akanikatalia, akasema aibu, watu wazima na vikapu, behewa la chakula si lipo. Tumepita Bahi, tumepita Kintinku. Tunafika Saranda, mnaijua Saranda, kuku wa kuchoma wanapitishwa dirishani wanatoa moshi. Nikatoa pesa. Akanishika mkono: acha, mhudumu kaja kuandika, wali na maharage vinakuja sasa hivi. Na akajidunga pale pale, kwa kuamini vinakuja sasa hivi.

Treni ikaondoka, ikaanza kupanda mlima kuelekea Manyoni, ikasimama. Injini. Nje pori, ndani giza. Nusu saa. Saa nzima. Mhudumu haonekani, njia imejaa watu na mizigo. Nikasikia mume wangu anaongea peke yake. Namgusa, shati limelowa jasho kama amemwagiwa ndoo. Namwuliza, ananitazama hanijui. Mtu ambaye miaka ishirini na sita hajawahi kuniinulia sauti, akaniita mchawi mbele ya behewa zima. Akasimama anataka kufungua mlango ashuke. Watu wakacheka. Mmoja akasema mzee kalewa, mfungeni kamba.

Nilipiga magoti nikalia. Hapo ndipo msichana mmoja, mwanafunzi anarudi chuoni Tabora, akapanda juu ya mabegi ya watu akanifikia. Akauliza maneno mawili tu: anajidunga? amekula? Akatoa soda ya machungwa kwenye mkoba wake, nusu chupa, ya moto kabisa. Alimwongelesha kwanza, akahakikisha anameza. Akawa anamnywesha kidogo kidogo huku anaziba masikio kwa matusi yake. Dakika kama kumi na tano, mume wangu akatulia, akaniuliza, "Mama Eliya, mbona unalia?"

Hakumbuki chochote mpaka leo. Yule msichana sikuchukua hata jina lake.

Binti Singida
Mama, nimesoma mwili unasisimka.

Mjukuu wa Mvumi
Dah. Na kuku mlikuwa mmewashika mkononi.

Mkulima Kibaigwa
Poleni, lakini hapa mnafundisha watu hatari. Mgonjwa wa kisukari anapewa soda? Halafu watu wanasoma wanakwenda kufanya nyumbani?

Binti Singida
Umesoma hadi mwisho? Sukari ilikuwa imeshuka, haijapanda.

Mkulima Kibaigwa
Dada usinijibu kwa dharau. Baba yangu mdogo alikuwa kisukari, akazimia msibani, wanawake wakammiminia chai ya sukari mdomoni. Ilikwenda kwenye mapafu. Hatukumfikisha hospitali. Kwa hiyo najua ninachosema.

Nesi wa Zamu
Kaka pole sana. Wote wawili mna haki, ngoja niwatenganishe. Sukari ikishuka chini ya 4 kwa kipimo cha kwetu (mmol/L), mtu anatetemeka, anatoka jasho jingi, anachanganyikiwa, anakuwa mkali. Kama yuko macho na anameza, mpe sukari haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda, ale chakula chenyewe. Lakini AKIZIMIA usimpe kitu mdomoni, hata tone. Mlaze ubavu, kimbizeni hospitali. Yule binti wa Tabora alifanya sawasawa, na yaliyompata baba mdogo ndiyo hasa tunayoyakataza.

Na sheria ya safarini: hujidungi insulini ya chakula mpaka chakula ukione mbele yako. Mhudumu akisema kinakuja, bado hakijaja.

Mkulima Kibaigwa
Nimeelewa sista. Laiti tungejua wakati ule. Dada wa Singida yaishe.

Binti Singida
Yameisha kaka. Pole kwa baba mdogo.

Mnyaturu wa Ikungi
Mimi naona mnazunguka. Dawa ya haya yote ni ugali wa mtama na mlenda. Mtama haupandishi sukari. Beba unga wako, beba mlenda mkavu, hata huko Barcelona.

Nesi wa Zamu
Mtama ni mzuri na mlenda ni mzuri, unga usiokobolewa unakwenda polepole kuliko sembe. Lakini usiseme haupandishi. Ni wanga. Nawapokea wazee kila wiki wamekula bonge la ugali wa mtama kama kichwa cha mtoto kwa sababu waliambiwa hauna sukari. Kiasi, baba yangu.

Mnyaturu wa Ikungi
Babu yangu alikula huo huo akafika miaka tisini.

Kaka wa Kondoa
Babu yako alikuwa analima kutwa, siyo kukaa basini.

Dereva wa Masafa
Basi nalo lisemwe. Nimeendesha Dodoma–Dar na Dodoma–Mwanza miaka kumi na nne, na sukari niliipata barabarani. Dakika kumi za kuchimba dawa, abiria mbio, wewe mbio, kilichopo tayari ni chipsi mayai na soda baridi. Kila siku, mara mbili. Daktari aliponiambia nilibisha, nikasema kwetu hakuna mwenye ugonjwa huo.

Sasa abiria nawaambia nilichojifunza. Gairo nunua viazi vitamu vya kuchemsha, kimoja kinatosha, siyo mfuko. Mayai ya kuchemsha yako kila stendi. Karanga, ila zisizo na chumvi. Ndizi moja. Muhogo wa kukaanga acha. Na maji kunywa! Watu hawanywi maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame. Omba. Dereva anayekukatalia msimamishie maneno.

Mjukuu wa Mvumi
Mimi nashauri kinyume: kwenye basi usile kabisa, shiba nyumbani, tumbo litulie.

Nesi wa Zamu
Kwako sawa. Kwa mtu wa vidonge vya kisukari au sindano, hapana. Aina nyingine za vidonge nazo zinashusha sukari usipokula.

Binti Singida
Swali kwa sista: insulini kwenye joto hili la Dodoma, safari ya kutwa, unaibebaje?

Nesi wa Zamu
Chupa ya chai, ile termosi. Isuuze kwa maji baridi, funga dawa kwenye kitambaa, tia ndani, ifunike. Usiigusishe na barafu, ikiganda imeharibika, itupe. Kwenye dashibodi ya gari usiweke. Kwenye ndege inakaa kwenye begi la mkononi, lile kubwa linaloingia chini ya ndege hapana, huko inaweza kuganda au begi likapotea. Nyumbani pasipo na friji, chungu chenye maji kinafaa kabisa.

Mama Area C
Nimesoma yote, nimerudia ya Mama wa Manyoni mara mbili. Dada yangu, mzee anaendeleaje sasa?

Mama wa Manyoni
Yupo mwalimu, namshukuru Mungu. Jumamosi anapanda kwenda Tabora kumwona mdogo wake, peke yake, mimi nina msiba huku. Nimemchemshia mayai manne, karanga nimekaanga leo, na soda mbili ndogo ziko mfuko wa pembeni. Amezitoa mara moja, nimezirudisha.