Kupaka rifle rangi ya ngozi ya nyoka

Mwanakiloleni: Wakuu habari za Tabora, nina rifle yangu ya kihalali ina kibali, nataka kuipiga spei ikae kama ngozi ya chatu isionekane kwenye miombo hii ya kiangazi, naanzia wapi?

Fundi Spei: Mkuu toa risasi zote kwanza uhakikishe chemba tupu. Futa mafuta yote kwa thina, mafuta yakibaki rangi inabanduka tu. Ziba kwa masking tepu mdomo wa mtutu, lenzi, triga na bolti. Piga rangi ya chini ya udongo isiyong'aa iache ikauke kabisa, halafu kaza ile neti ya vitunguu juu yake, spei kahawia ukiwa mbali kama sentimita 30, mkono usisimame sehemu moja. Ukiitoa neti, zile nyuzi ndo zinabaki mistari ya magamba, inapendeza sana aisee!

Mama Urambo: Na neti isilegee jamani, ikiachia kidogo tu mistari inafifia yote. Serial namba izibeni pia, isije ikafunikwa na rangi.

Mwanakiloleni: Shukrani sana, neti sokoni zimejaa.