MREJESHO: Ile ramani ya zamani niliyotaka kununua Moshi

Wakuu, shikamooni. Niliuliza kama ninunue, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ramani ya enzi za Wajerumani anayoiuza mzee mmoja hapa Moshi. Mkaniambia nikague kwanza kingo na mihuri, nione kama haikuibwa maktaba. Asanteni sana.

Jumamosi asubuhi Kibo ilionekana nyeupe kwa theluji mpya, kisha mvua ikafunga. Nikashinda ndani nasoma kesi za wizi wa ramani. Ya Forbes Smiley imeniuma. Mfanyabiashara wa ramani za kale Marekani, anayeheshimika, maktaba zinampokea kama mwenyeji. Juni 2005, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, mhudumu akaona wembe sakafuni, na siku hiyohiyo Smiley akakamatwa. Alikiri kuiba ramani 97, na 2006 akahukumiwa miaka mitatu na nusu. Kurasa zilizodumu karne kadhaa, zinachanwa kwa dakika!

Jumatatu nikarudi kwa mzee, tukaielekeza ramani dirishani. Kingo tatu zimechakaa, wa kushoto umenyooka kama rula, kama vile ilikatwa kitabuni kwa wembe. Kwenye kona karatasi imekwanguliwa hadi mwanga unapita, na ndani yake duara hafifu la mhuri, herufi chache za Kijerumani bado zinasomeka, kama vile mtu alijaribu kufuta alama ya maktaba.

Mzee aliirithi kwa kaka yake, na alishtuka kuliko mimi. Amekubali kutoiuza kwanza. Nimepiga picha mbele na nyuma, nimeziandikia barua pepe maktaba mbili za Ujerumani ambazo herufi zile zinaweza kuwa zao. Mimi sinunui, kwa tasnifu nitatumia nakala za mtandaoni.