Najitolea kwenye klabu ya vijana wenye usonji: huyu anayekaa kona nimwache au nimvute kwa wenzake?

Nuru77 (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Najua humu kuna wazazi, walimu, na watu wenye usonji wenyewe, ndiyo maana nimeona nililete hapa.

Najitolea kwenye klabu ya vijana wenye usonji, wengi wana miaka 16 hadi 25. Tunakutana jioni moja kila wiki. Si darasa wala kliniki, ni mahali pa kukutana tu: kucheza, kuchora, kusikiliza muziki, kupiga stori kwa anayetaka. Wapo wanaoongea bila kituo, wapo wanaotumia kadi za picha au tableti, na wapo ambao sijawahi kusikia sauti zao.

Kuna kijana mmoja, nimwite K. Akifika anakwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kona karibu na dirisha, anatoa daftari na kuanza kuandika namba za mabasi. Safu kwa safu, mwandiko mdogo uliosimama wima, kila ukurasa na rangi yake ya kalamu. Anaendelea hivyo mpaka muda wa kuondoka. Hamsemeshi mtu.

Mratibu wetu anasema huko ni kumtelekeza. Kaja klabu ajichanganye, kwa hiyo kila volantia amchukue kwa zamu na kumwingiza kwenye michezo. Wiki iliyopita mwenzangu alimshika mkono ili amwinue. K akaziba masikio, akaanza kujitikisa mbele na nyuma, kisha akatoka nje ya ukumbi. Nilidhani hatutamwona tena. Wiki hii karudi, kiti kilekile.

Naombeni ushauri. Nimwache, au kweli kumwacha ni kumtupa? Kama kuna njia ya katikati, inaanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Mama Pacha

Dada Nuru, Mungu akubariki kwa kutoa jioni zako. Mimi ni mzazi wa kijana wa namna hiyo. Hapo kwenye "karudi" ndipo pa kuangalia. Wangu akichukia mahali, hata viatu havai.

Alipoanza klabu yake alikuwa anakaa mlangoni tu, na watu wakaniambia namchosha bure. Nyumbani alikuwa akinitajia majina ya wenzake wote, nani kavaa nini, nani kamnyima mwenzake zamu ya mchezo. Mimi nisingejua kama nisingekuwa nyumbani naye. Muulize anayemleta K: siku ya klabu huko kwao inakuwaje?

Njiwa Pori

Natofautiana kidogo na mama hapo juu, kwa heshima zote. Kaka yangu ana usonji. Ujana wake wote alikaa pembeni kwa sababu kila mtu alisema "mwacheni, ndivyo alivyo". Siku alipoanza kutuandikia ujumbe kwenye simu, alituambia alikuwa akitamani kuitwa, ila hakujua aingie vipi. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Sisemi K aburuzwe. Nasema heshima isigeuke kisingizio cha kutomjali.

Kimya Kingi

Nina usonji, niligundulika nikiwa mtu mzima. Nyote wawili mna haki, ngoja nieleze.

Kwanza hiyo kona. Ukiwa na masikio kama yangu, ukumbi wa watu wanaocheza ni feni, viti vinavyoburuzwa, taa inayovuma, vicheko na muziki, vyote vinaingia kwa nguvu ileile na hakuna kinachokubali kusogea nyuma. Kona ina ukuta mgongoni, hakuna atakayekujia kwa nyuma. Dirisha linakupa mwanga wa kawaida. K hakujificha, alichagua sehemu pekee ya ukumbi ambayo anaweza kukaa jioni nzima.

Pili, kushikwa. Mkono ukinifikia ghafla mwili unashtuka kabla sijajua ni nani. Kujitikisa ni namna ya kujituliza, msimzuie. Na kutoka nje lilikuwa jambo la busara, aliondoka kabla hajazidiwa kabisa.

Ndugu Njiwa Pori, swali la kaka yako lina jibu ambalo watu wetu walilibuni wenyewe. Kwenye mikutano ya Autreat, iliyoanza Marekani mwaka 1996 na kuandaliwa na watu wenye usonji, walivaa beji za rangi. Nyekundu: usinisemeshe. Njano: anisemeshe ninayemfahamu tu. Kijani: natamani kuongea lakini kuanza ni shida kwangu, njoo wewe. Kaka yako angevaa kijani. K leo yawezekana ni njano. Hakuna haja ya kubahatisha kama mtu ana njia ya kusema bila mdomo.

Halafu hili la "kujichanganya". Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wasio na usonji kuna pande mbili. Siyo sisi peke yetu tunaoshindwa kusoma wenzetu. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Catherine Crompton walichapisha jaribio la watu kupokezana hadithi. Mnyororo wa wenye usonji watupu uliifikisha vizuri sawa na mnyororo wa wasio na usonji. Ulioipoteza zaidi ni ule uliochanganya. Kwa hiyo usishangae rafiki wa kwanza wa K akiwa kijana mwenzake, si wewe wala mratibu. Kazi yenu ni kuhakikisha wawili hao wanaweza kukaa meza moja bila kusumbuliwa.

Kwa sasa, kaa naye ubavuni, si uso kwa uso, uwe na shughuli yako. Usimuulize maswali, kwa sababu swali linadai jibu. Mwambie jambo linaloingia kwenye daftari lake, kisha nyamaza. Na nyamaza kwelikweli, wengine tunachukua muda mrefu kulipanga neno.

Nuru77

Asanteni sana, Kimya Kingi umenifungua macho. Nimempigia mama yake K. Siku ya klabu anavaa tangu mchana na kukaa sebuleni na begi mapajani. Nilishindwa kujizuia, nikalia.

Mawili bado yananitatiza. Nikikaa na daftari karibu naye, si nitakuwa namwigiza? Pia mratibu anataka tupige picha za vijana tuzirushe mtandaoni tarehe 2 Aprili, siku ya Umoja wa Mataifa ya usonji. Sijui kwa nini moyo unasita.

Mzee wa Filimbi

Ukimwigiza atakujua, usifanye hivyo. Beba shughuli yako ya kweli. Mimi kwenye klabu ninayojitolea huwa nakarabati vitu vilivyoharibika, na vijana wanakuja wenyewe kushika bisibisi. Wengine hawaji, na mimi sina neno.

Hizo zamu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Kila wiki uso mpya unamsogelea na jambo jipya, utulivu atautoa wapi? Awe mtu mmoja, yuleyule, muda uleule. Kaongee na mratibu mkiwa wawili tu, usimbishie mbele ya wenzake. Anaogopa kijana asiachwe nyuma, na hilo mheshimu nalo.

Tibakazi R

Kazi yangu ni tiba kazi, yaani kuwasaidia watu wamudu shughuli zao za kila siku, niongeze ya vitendo. Bandikeni ukutani ratiba ya jioni kwa picha, ionyeshe hasa mambo yanaisha saa ngapi. Kama ukumbi una chumba cha pili, kiwe cha utulivu, na kijana yeyote aingie bila kuomba ruhusa. Zimeni taa zinazovuma mkiweza.

Mtu akitoka nje, msimzuie mlangoni, lakini mmoja amfuate kwa umbali. Wapo vijana ambao wakizidiwa hawaoni hatari ya barabara, na wapo wanaovutwa sana na maji. Ulizeni pia wazazi kuhusu kifafa, kinatokea zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, na kila volantia ajue la kufanya.

Picha: moyo wako unasita kwa haki. Saini ya mzazi haitoshi, kijana mwenyewe aonyeshwe picha ileile na aambiwe itakwenda wapi. Akigeuza uso, amejibu. Michoro yao nayo inafaa, wakiridhia.

Nuru77

Mrejesho wakuu. Nimeongea na mratibu, zamu zimefutwa, na mimi ndiye nitakayekuwa karibu na K. Picha tumeziacha, tutauliza nani anataka mchoro wake uonekane. Jioni hii nilikaa viti viwili kutoka kwake nikishona. Nikamwambia namba ya basi nililokuja nalo, nikanyamaza. Hakuinua kichwa. Baadaye sana akaiandika, akanionyesha kwa kalamu kwamba nimekosea tarakimu ya mwisho.

Sasa nataka zile beji. Wasiosoma na wasioongea tutawaelezaje maana ya rangi?

Kimya Kingi

Anzeni na mbili tu, nyekundu na kijani, njano ije baadaye. Msieleze sana, onyesheni: volantia mmoja avae nyekundu akae pembeni, na wote mmpite bila kumsemesha. Kisha abadilishe. Rudieni wiki kadhaa. Vaeni na ninyi kila jioni, mratibu pia, isije ikaonekana ni alama ya vijana peke yao. Beji ibane kwenye nguo au ikae mezani, maana kamba ya shingoni wengine hatuivumilii. Na mtu akivaa nyekundu jioni nzima, msimuulize kwa nini.